Matembezi Kabla ya Kifungua Kinywa: Uchambuzi wa Kisa cha Elizabethton, Tennessee

Mwaka 1929, mashariki ya jimbo la Tennessee nchini Marekani, mwanamke aliyejulikana kwa jina la utani la Texas Bill alisimamishwa mahakamani kwa sababu ya mambo aliyokuwa akiyafanya barabarani wakati wa mgomo wa viwanda vya rayoni, uzi unaotengenezwa kutokana na massa ya mti au pamba. Wakili alipomuuliza alikuwa akitafuta nini njiani saa za alfajiri kama zile, alijibu kwa haiba ya kujitia bibi wa heshima kwamba yeye ana mazoea ya kutembea kila siku kabla ya kifungua kinywa, kwa ajili ya afya yake. Kila mtu aliyekuwa mle ndani alijua kwamba matembezi hayo yalikuwa ya kuzuia magari ya wafanyakazi waliotaka kuvunja mgomo, na kwamba askari wenye bunduki walikuwa hatua chache kutoka aliposimama yeye. Jibu lenyewe, hata hivyo, halikuwa na uongo ambao wakili angeweza kuukamata, kwa kuwa ni kweli alikuwa akitembea.

Nimeanza na ushahidi huo kwa sababu kisa ninachokichambua ni cha matembezi. Miji mingi midogo ya viwanda katika milima ya Appalachia, baada ya viwanda hivyo kufungwa, imegeukia utalii wa miguu: mgeni anapewa ramani au mwongozaji, anatembezwa saa moja au mbili, anasimamishwa penye majengo ya kale na kusimuliwa yaliyotokea. Elizabethton ni mfano mzuri kuliko mingi niijuayo, si kwa sababu matembezi yake ni bora au mabaya, bali kwa sababu umbo la mji wenyewe linamlazimisha mwongozaji afanye uchaguzi ambao pengine hajui kwamba anaufanya. Anaweza kusema kweli tupu katika kila kituo, na bado akauacha mji nje ya simulizi, kwa kuwa tu miguu haikufika upande wa pili.

Mji wenyewe uko pale mto Doe unapomwaga maji yake katika mto Watauga, kwenye bonde lililobanwa na milima, yapata kilomita 15 mashariki ya Johnson City. Una wakazi zaidi ya 14,000, nao ndio makao makuu ya wilaya ya Carter. Historia yake imelala kwa matabaka matatu, na kila tabaka lina mahali pake pa kutembelea.

Tabaka la kwanza ni la walowezi. Mwaka 1772 Wazungu waliokuwa wamevuka milima na kukaa bondeni humo, kinyume cha katazo la mfalme wa Uingereza, walijiundia serikali yao wenyewe iliyoitwa Jumuiya ya Watauga. Machi 1775, mahali paitwapo Sycamore Shoals ambapo mto unapungua kina, Richard Henderson na kampuni yake ya Transylvania walinunua kutoka kwa wazee wa Wacherokee eneo la ekari zipatazo milioni 20, mauziano ambayo Dragging Canoe, Mcherokee aliyekuwa kijana kuliko wao, aliyapinga mbele ya wazee wake. Septemba 1780 wanamgambo walikusanyika papo hapo kabla ya kuvuka milima kwenda Kings Mountain, ambako tarehe 7 Oktoba waliwashinda wafuasi wa mfalme katika vita vya uhuru. Baruti yao ilitengenezwa na mwanamke, Mary Patton, ambaye inasemekana aliwapatia ratili 500. Naomba msomaji amkumbuke mwanamke huyu, kwa maana tutamrudia.

Tabaka la pili ni la daraja. Mwaka 1882 lilijengwa juu ya mto Doe daraja la mbao lenye kuta na paa, urefu wake futi 134, yaani mita 41 hivi, likapakwa rangi nyeupe, nalo lipo hadi leo kwa ajili ya waendao kwa miguu. Mwaka 1901 mafuriko makubwa yaliyasomba madaraja mengine ya mto huo na kuliacha hili. Wageni wengi hudhani paa liliwekwa ili kuwakinga wapita njia na mvua au kuwatuliza farasi wasitishwe na maji. Ukweli ni kwamba paa linalinda mbao za mhimili, ambazo zikilowa na kukauka mara kwa mara huoza baada ya miaka michache, na kubadilisha mabati ya paa ni rahisi mno kuliko kubadilisha daraja zima. Ukiingia ndani mwanga unapungua ghafla, vishindo vya nyayo vinarudi kutoka kwenye dari, na mto unausikia zaidi kuliko unavyouona. Ni mahali pazuri, na sina ugomvi napo hata kidogo. Ugomvi wangu ni kwamba pazuri kama pale panatosheleza: mgeni akishapiga picha yake anahisi ameuona mji, akarudi Elk Avenue kutafuta kahawa.

Tabaka la tatu ndilo lililoufanya mji uwe mji. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Kijerumani ya Vereinigte Glanzstoff-Fabriken pamoja na washirika wake ilikuwa ikitafuta mahali Marekani pa kutengenezea rayoni, ambayo wakati huo watu waliiita hariri bandia, na ambayo ilikuwa ikitakiwa sana kwa soksi ndefu na nguo za ndani za wanawake. Rayoni inakunywa maji. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua bonde la Watauga, lenye maji mengi na laini. Sababu ya pili ni kwamba wafanyabiashara wa mji waliwapa wageni ardhi kwa bei nafuu pamoja na msamaha wa kodi. Na ya tatu, ambayo haikufichwa, ni kwamba milimani kulikuwa na vijana wengi waliokuwa tayari kufanya kazi kwa ujira mdogo na wasiokuwa na chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha American Bemberg kilifunguliwa mwaka 1926, na cha American Glanzstoff kikafuata mwaka 1928, vyote upande wa magharibi wa mji, kando ya mto. Mji uliokuwa na watu wasiofika 3,000 mwaka 1920 ulihesabu zaidi ya 8,000 mwaka 1930. Tarehe 6 Oktoba 1928 Herbert Hoover, akiwa mgombea urais, alikuja Elizabethton kuhutubia, kana kwamba ndiyo picha ya Kusini mpya aliyotaka nchi nzima iione.

Yafaa kueleza kazi yenyewe, kwa sababu mwongozaji asiyeijua kazi hawezi kueleza mgomo. Katika Glanzstoff, massa ya mti yaliloweshwa katika soda kali, yakachanganywa na kaboni disalfaidi hadi yakawa uji mzito kama asali, kisha uji huo ukasukumwa kupitia vitundu vidogo mno na kuingia katika beseni la asidi, ambamo kila mchirizi uliganda ukawa uzi. Bemberg walitumia njia nyingine: nyuzi fupi zinazobaki juu ya mbegu za pamba ziliyeyushwa kwa shaba na amonia. Vyumba vya kusokotea vilikuwa na mvuke unaowasha macho, na huko walifanya kazi zaidi wanaume. Wanawake, wengi wao wasichana waliotoka mashambani, waliwekwa katika kukunja nyuzi na kuzikagua, kazi ya macho na vidole, ambayo wasimamizi waliilinda kwa masharti ya kitoto: msichana alihitaji ruhusa hata ya kwenda msalani, na dakika zake huko zilihesabiwa.

Ujira wa wengi wao ulikuwa dola 8.96 kwa wiki ya saa 56. Ukigawa, unapata senti 16 kwa saa moja. Margaret Bowen, aliyekuwa msaidizi wa msimamizi katika idara ya ukaguzi ya Glanzstoff, alianza kwa dola 10.08, yaani senti 18. Aliomba nyongeza kwa ajili ya wasichana wa sehemu yake, akakataliwa. Tarehe 12 Machi 1929 wanawake zaidi ya 500 wa kiwanda hicho waliacha kazi na kutoka nje. Hakuna chama kilichowaagiza. Chama kiliitwa baadaye. Ndani ya siku chache wanaume walikuwa wamewafuata, kiwanda cha Bemberg nacho kikasimama, na wafanyakazi wapatao 5,000 wa viwanda vyote viwili wakawa nje ya lango. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa wimbi la migomo ya viwanda vya nguo na nyuzi Kusini mwa Marekani mwaka ule, kabla ya Gastonia na kabla ya Marion katika jimbo jirani la North Carolina.

Yaliyofuata yalikuwa na sura mbili. Kampuni ilipata amri ya mahakama ya kuzuia mikusanyiko, kisha pakafikiwa mapatano ya kurudi kazini ambayo wafanyakazi waliona hayakutekelezwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Aprili, kundi la watu wenye silaha, miongoni mwao wafanyabiashara wenye majina mazuri mjini, liliwakamata Edward McGrady wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani na Alfred Hoffmann wa chama cha wafanyakazi wa nguo, likawatoa nje ya jimbo kwa mtutu wa bunduki na kuwaonya wasirudi. Walirudi. Tarehe 15 Aprili mgomo wa pili ulianza, na gavana Henry Horton akatuma kikosi cha Walinzi wa Taifa, ambacho mwezi Mei kilifika askari 800. Bunduki za rashasha ziliwekwa juu ya mapaa ya viwanda. Bomba kuu la maji ya mji lililipuliwa kwa baruti. Watu zaidi ya 1,200 walikamatwa.

Sura ya pili ni ile ya barabarani, na hiyo ndiyo iliyonivuta kwenye kisa hiki. Wanawake walijipanga katika njia zinazoshuka kutoka vijijini kuja viwandani. Walijifunga bendera ya Marekani mwilini na kutembea mbele ya askari huku na huko, wakijua kwamba sheria ya kijeshi inamtaka askari atoe heshima kwa bendera kila ipitapo. Basi vijana wale wenye sare, walioletwa kuvunja mgomo, wakawa wanasimama wima na kutoa heshima kwa bunduki zao kwa wagomaji, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara wale wanawake walipogeuka na kupita tena. Trixie Perry, mwenzake Texas Bill, alikwenda mahakamani amevaa gauni lenye nakshi za nyekundu, nyeupe na buluu, na kofia iliyoshonwa kwa bendera ndogo. Alipohojiwa juu ya bendera ile alisema amezaliwa chini yake, hivyo anadhani ana haki nayo. Ni vigumu kupata katika historia ya kazi kisa ambacho kutembea tu, bila jiwe wala rungu, kulitumika kwa werevu kiasi hicho.

Mgomo uliisha mwishoni mwa Mei kwa upatanishi wa Anna Weinstock wa wizara ya kazi ya Marekani, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo ya mpatanishi wa serikali kuu. Wafanyakazi walipiga kura ya kurudi. Chama hakikutambuliwa, na wengi waliokuwa mstari wa mbele hawakurudishwa kazini licha ya ahadi.

Sasa turudi kwenye matembezi. Mwongozaji wa Elizabethton ana kitovu cha mji ambacho kinatembeleka kwa raha: mahakama ya wilaya, mnara wa askari, maduka ya Elk Avenue, kisha daraja. Mzunguko huo haumchoshi mzee wala mtoto, una vivuli, una vyoo, una mahali pa kununua kitu. Magharibi ya mji kuna Sycamore Shoals, ambayo ni hifadhi ya kihistoria ya jimbo, yenye ngome ya mbao na watu waliovaa mavazi ya kale katika siku maalumu. Huko mgeni hufika kwa gari. Viwanda vilikuwa upande huo huo wa magharibi, na matokeo yake ni kwamba tabaka la tatu linapitwa kwa kilomita 60 kwa saa, vioo vikiwa vimefungwa, kati ya tabaka la pili na la kwanza. Hakuna aliyekaa kikaoni akaamua mgomo usitajwe. Barabara imeamua.

Wapo watakaosema kwamba kule hakuna cha kuonyesha. Kiwanda cha Bemberg kilifungwa katika miaka ya 1970. Kile cha Glanzstoff, kilichokuja kuitwa North American Rayon, kiliacha uzalishaji katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa ya majengo yake. Hoja hii ingekuwa na uzito kama isingekuwa kwamba ngome ya Watauga, fahari ya tabaka la kwanza, nayo ilijengwa upya katika miaka ya 1970. Ngome ya asili haipo. Mgeni anaonyeshwa mbao ambazo umri wake ni wa nusu karne hivi, anaambiwa hivi ndivyo ilivyokuwa mwaka 1776, na anaridhika, kwa haki kabisa, kwa sababu simulizi limepewa mahali pa kusimama. Kwa hiyo tofauti kati ya 1780 na 1929 si kwamba moja imeacha majengo na nyingine haikuacha. Zote mbili hazikuacha. Moja imejengewa, nyingine haijajengewa.

Hapa ndipo ninapomrudia Mary Patton. Mji wenye kumbukumbu ya mwanamke aliyetengeneza baruti kwa ajili ya uasi dhidi ya mfalme hauwezi kusemwa kwamba unaona haya kumtaja mwanamke mwasi. Kinachotofautiana ni nani aliyeasiwa. Mfalme George alikuwa mbali, na wazao wake hawaishi Elk Avenue. Waliomteka McGrady na Hoffmann walikuwa watu wa mjini. Wazao wao na wazao wa wagomaji wamesoma shule moja, wameoana, wanazikana. Mwongozaji anayesimama mbele ya wageni ishirini na kutaja jina la ukoo la mtu aliyeshika bunduki usiku ule anajua kwamba kesho yake atakutana na mjukuu wake dukani. Siwezi kumlaumu kwa kusitasita.

Kuna sababu nyingine ya ukimya, ambayo naiona kuwa nzito zaidi. Huko Gastonia mkuu wa polisi aliuawa mwezi Juni, na Septemba mwaka huohuo akauawa Ella May Wiggins, mama wa watoto na mtunzi wa nyimbo za mgomo. Huko Marion wafanyakazi sita walipigwa risasi wakafa mwezi Oktoba. Miji hiyo ina makaburi, na kaburi ni kituo ambacho hakuna mwongozaji anayeweza kukipita. Elizabethton ilikuwa na wanawake waliocheka mahakamani. Tena wengi wa wagomaji walibaki hapohapo, na wale waliobahatika kurudi kazini walifanya kazi katika viwanda vilevile miaka mingine thelathini, chini ya macho ya wasimamizi waliokuwa wakikumbuka. Mtu wa namna hiyo huwa na sababu nzuri ya kutomsimulia mtoto wake. Ilikuwa miaka ya 1970 ambapo watafiti wa mradi wa historia simulizi wa Chuo Kikuu cha North Carolina walikwenda na vinasa sauti na kuwahoji waliokuwa bado hai, na rekodi hizo zimehifadhiwa.

Lakini si haki pia kuutembeza mji kana kwamba rayoni ilidumu wiki kumi za mwaka 1929. Viwanda vile vililipa mishahara kwa miongo saba. Vilijenga nyumba, vilisomesha watoto, vilisababisha reli ibaki hai. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Marekani ilizitwaa hisa za Wajerumani. Baadaye sana, uzi wa North American Rayon ulitumika katika jambo ambalo hata mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilirudia aya mara mbili: kitambaa chake kilichomwa hadi kikawa kaboni, kikachanganywa na gundi maalumu, na kutengenezewa kuta za ndani za midomo ya roketi zilizorusha vyombo vya anga vya Marekani, mahali ambapo moto ni mkali kiasi cha kuyeyusha chuma. Kiwanda kilipoacha kuzalisha mwaka 1997, wahandisi wa roketi walilazimika kutafuta uzi mbadala. Mstaafu aliyefanya kazi katika vyumba vile ana haki ya kusikia hilo likisemwa kwa sauti mbele ya wageni, hata kama mama yake alikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Yote mawili ni yake.

Basi njia ningeipangaje? Nisingeliacha daraja. Ningelianza hapo asubuhi mapema, kabla ya maduka kufunguliwa, kwa sababu daraja linafundisha jambo moja ambalo litahitajika baadaye: kwamba mto huu unaweza kuchukua kila kitu, na kwamba maji yake ndiyo yaliyoleta kiwanda. Kutoka hapo ningekwenda mahakamani, nikasimama nje, nikasoma ushahidi wa Trixie Perry na wa Texas Bill neno kwa neno bila kuongeza chumvi, kwa kuwa maneno yao yana chumvi ya kutosha. Mitaa ya katikati ningeipita upesi. Ningesema tu kwamba baadhi ya walioendesha biashara katika mji huu walikuwamo kwenye kundi la usiku wa Aprili, bila kutaja duka wala ukoo. Anayetaka majina atayakuta katika magazeti ya wakati ule, na si kazi ya matembezi kuhukumu wafu mbele ya wajukuu.

Kisha ningewapeleka wageni magharibi kwa miguu, na hapa ndipo mpango unapogharimu. Safari inaongezeka kwa zaidi ya saa moja. Wasioweza kutembea sana itabidi wapelekwe kwa gari na kukutana na wenzao mbele, na hilo lisemwe wazi kabla watu hawajalipa. Faida yake ni njia ya Tweetsie, iliyofunguliwa kuanzia mwaka 2014 juu ya tuta la reli ya zamani kati ya Johnson City na Elizabethton. Wengi wanaiendea kwa baiskeli na mazoezi, na jina lake linatokana na filimbi ya treni nyembamba iliyokuwa ikipanda milimani hadi kwenye machimbo ya chuma ya Cranberry. Treni hiyo ndiyo inayopendwa kusimuliwa. Lakini reli nyembamba iliondolewa mwaka 1950, na kipande cha Johnson City hadi Elizabethton kiliendelea kuishi nusu karne zaidi kwa sababu moja tu, nayo ni mizigo ya viwanda vya rayoni. Kwa maneno mengine, mtu anayekimbia asubuhi kwenye njia ile kwa ajili ya afya yake anakimbia juu ya kitu ambacho rayoni ilikilinda.

Penye eneo la viwanda ningetumia sauti badala ya vibao. Kibao cha chuma kinahitaji kamati, kamati inahitaji maelewano, na maelewano juu ya mwaka 1929 huzaa sentensi moja isiyomuudhi mtu wala kumwambia mtu kitu. Rekodi ya bibi wa miaka sabini akieleza alivyotoka kazini akiwa msichana haihitaji kamati. Inahitaji simu na kipaza sauti kidogo. Wageni wasimame kando ya mto, waangalie nyasi, wamsikilize akitafuta maneno. Mwongozaji anyamaze. Ninajua kwamba waongozaji wengi hawapendi ushauri wa kunyamaza, kwa sababu wanaona ndio wanaolipwa kusema; lakini lafudhi ya milima ya wilaya ya Carter, ikisikika mahali pake, inafanya kazi ambayo hakuna mwongozaji wa kuja anayeweza kuifanya.

Kuhusu vijiji, ambako wagomaji wengi walitoka, sina pendekezo zuri. Elizabethton haukuwa mji wa kiwanda wa namna ile ya Piedmont, nyanda za Kusini zilizo mashariki ya milima, ambako kampuni ilijenga safu za nyumba zinazofanana na kumiliki hata kanisa. Wengi wa wafanyakazi walikuja kila siku kutoka mashambani au walipanga vyumba kwa watu mjini, hivyo hakuna mtaa mmoja ambao mtu anaweza kuuonyesha kwa kidole na kusema hapa ndipo walipokaa. Hilo lilikuwa sehemu ya nguvu yao, kwa kuwa kampuni isiyomiliki nyumba yako haiwezi kukutoa ndani yake siku ya mgomo, na aliyekuwa na shamba nyumbani alikuwa na viazi vya kula hata malipo yalipokatika. Kwa matembezi, hata hivyo, ni udhaifu: makao ya tabaka la tatu yametawanyika milimani, na basi la wageni likipanda huko litaona nyumba za watu binafsi tu, wanaostahili kuachwa kwa amani yao.

Kituo cha mwisho ningekiweka barabarani penyewe, ukingoni, mahali palipo salama kusimama, upande ambako magari ya wafanyakazi yalikuwa yakiingilia. Hakuna jengo hapo. Ningemwomba mgeni mmoja ashike bendera ndogo, ile inayouzwa kila duka la zawadi nchini humo, apite nayo mbele ya wenzake hatua kumi, ageuke, apite tena, na wengine wote wahesabu ni mara ngapi askari wa mwaka 1929 angelazimika kuinua bunduki yake. Wengi wangecheka, kama walivyocheka watu mahakamani. Kisha tungerudi mjini kwa njia ileile, kwa miguu, na kama tulianza mapema inavyopasa, mikahawa ya Elk Avenue ingekuwa bado inatoa kifungua kinywa.